Baba Anasoma, Mama Anapika: Robo Saa Hiyo ni ya Nani?

Wengi wenu mmeweka nia, hasa wakati wa Kwaresima, ya kusoma Maandiko Matakatifu kila siku, kila mtu peke yake. Nia hiyo ni njema na Mama Kanisa anaitaka. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya Ufunuo ya tarehe 18 Novemba 1965, uliwahimiza waamini wote wasome Maandiko mara kwa mara, si mapadre na watawa tu. Mwaka 2019 hayati Papa Fransisko aliitenga Dominika ya Tatu ya Mwaka iwe Dominika ya Neno la Mungu. Kwa hiyo hatuulizi kama mwenye ndoa asome. Tunauliza jambo gumu zaidi: huo muda wa kusoma anautoa wapi, na ni nani anayeulipia?

Tuchukue nyumba ya kupanga pale Theta, kati ya Ruiru na Thika, ambako mashamba ya kahawa yanaendelea kukatwa kuwa ploti. Vyumba ni viwili. Baba anafanya kazi Nairobi, na sharti apande matatu kabla barabara haijajaa magari. Saa kumi na nusu alfajiri anawasha taa, anafungua Injili, anatulia. Ni picha ya kupendeza. Lakini mtazame na mama. Amekwisha kuwasha jiko, maji ya baba ya kuoga yako motoni, anapiga pasi sare za shule huku mdogo yuko mgongoni. Mtoto akilia, baba anainua kichwa na kusema, "Mama watoto, hebu mnyamazishe, nasali." Hapo, ndugu, robo saa ile si ya baba. Ameikopa kwa mkewe, wala hajui kwamba ana deni.

Mwingine atajibu kwamba Mungu ni wa kwanza, mke ni wa pili. Maneno haya ni matamu mdomoni, lakini yanamfanya mke awe kama mgeni anayebisha hodi wakati usiofaa. Mbele ya altare hukuahidi hivyo. Sura ya kwanza kabisa ya Nabii Isaya inatuonyesha Mungu akizichoka sadaka na sikukuu za watu wasiotenda haki. Basi, hata sala inaweza kutolewa kwa mali ya mwingine.

Hapa kinatufaa Kitabu cha Tobiti, ambacho sisi Wakatoliki tunacho katika Biblia yetu na tunakisoma kwa nadra mno. Tobiti ni mcha Mungu: anawalisha wenye njaa, anawazika maiti waliotupwa. Kisha anapofuka, na mkewe Ana ndiye anayelisha nyumba kwa kazi ya kufuma. Siku moja waajiri wake wanamlipa mshahara wote na kumwongezea mwana-mbuzi. Mbuzi analia nyumbani. Tobiti anauliza ametoka wapi, na mke anaposema ni zawadi, hasadiki. Anamwamuru amrudishe kwa wenyewe, kama kwamba ameibwa. Ana anamjibu kwa uchungu, akimwuliza ziko wapi sasa sadaka zake na matendo yake mema. (Akina mama mliovuna kahawa au maua mkaja nyumbani na kitu mkononi, swali la Tobiti mnalifahamu.)

Tazameni kosa lilipo. Tobiti anaijua Sheria. Amri ya kutoiba anaikumbuka barabara, naye anaitumia kumpima mtu aliyemlisha. Baada ya hapo analia na kuomba kufa, lakini hatusomi popote kwamba alimwomba Ana msamaha. Mwandishi mtakatifu ameliacha hivyo hivyo, nami nadhani amefanya vema, maana ndoa nyingi zina mbuzi wa namna hiyo ambaye habari yake haijamalizwa.

Ndiyo hatari ya pili ya kusoma peke yako: unarudi na fimbo. Baba anakariri mstari wa Waefeso kuhusu wake kutii, na anauruka ule unaoutangulia, unaowaambia wote wawili watiiane. Mama naye anapigia mistari kalamu nyekundu na kuiacha Biblia wazi mezani, upande wa baba. Msomaji wa namna hii amekuwa wakili wa upande mmoja. Dalili yake ni rahisi kuitambua: kila sura anayosoma inamhusu mwenzake.

Je, basi tusome pamoja tu? La. Mume na mke hawana dhambi zilezile, wala majeraha yaleyale, na kuna mambo ambayo Mungu humwambia mtu akiwa pekee. Yule Mhabeshi katika Matendo ya Mitume alikuwa akisoma Isaya safarini, peke yake garini. Lakini alisoma kwa sauti, ndiyo maana Filipo alisikia, na alipoulizwa kama anaelewa hakuona haya kusema anahitaji wa kumwongoza. Anayesoma kwenye matatu asubuhi anaweza jioni kumwambia mwenzake jambo moja tu lililomgusa yeye mwenyewe, kisha asikilize.

Kuhusu muda, pateni shauri waziwazi, kama mnavyopata kuhusu karo. Asubuhi baba ashike mtoto na pasi, mama asome. Siku ya pili wabadilishane. Kama mwenzako hataki kusoma kabisa, usimsukume. Mpe robo saa yake hata kama ataitumia kulala.

Kitabu cha Tobiti kina sura 14, yaani majuma mawili kwa sura moja kila siku. Si kila Biblia ina kitabu hicho; ulizeni Biblia yenye vitabu vya Deuterokanoni kwenye duka la vitabu la Kikatoliki, au mwazimeni jirani wa Jumuiya. Mkifika sura ya 8, pale Tobia anapomwamsha Sara usiku wa arusi ili wasali, someni hiyo pamoja.