Vunja au Fumba: Adabu ya Mgeni Hekaluni

Wahenga wetu wametuachia methali moja yenye ndimi mbili. Wako wasemao: ukenda kwa wenye chongo, vunja lako jicho. Na wako wasemao: fumba lako jicho. Kwa miaka mingi nilidhani tofauti hiyo ni ya matamshi tu, kama zilivyo nyingi baina ya mji na mji katika mwambao wetu. Nilibadili rai yangu siku niliyosimama miguu mitupu katika hekalu la Kandy, nchini Sri Lanka, ua limo mkononi mwangu, nisijue nilifanye nini.

Hekalu hilo huitwa Sri Dalada Maligawa. Ndani yake mnahifadhiwa jino ambalo Wabudha wanaamini kuwa ni la Budha mwenyewe. Husimuliwa kwamba katika karne ya nne binti mfalme kutoka Kalinga, Bara Hindi, alivuka nalo bahari akiwa amelificha katika nywele zake. Wafalme wa kisiwa wakaamini kuwa mwenye jino ndiye mwenye haki ya kutawala. Hivyo kila makao ya ufalme yalipohama, nalo lilihama, hadi likatua Kandy, ufalme wa mwisho, uliotwaliwa na Waingereza mwaka 1815. Januari 1998, zama za vita vya wenyewe kwa wenyewe, lori lililojaa baruti liliripuliwa mbele ya lango lake. Watu walikufa na sehemu ya jengo ikabomoka. Nayataja haya ili msomaji afahamu kwamba watu wamepatia roho zao mahala hapo, na kwamba mwenye kuingia haingii makumbusho.

Nje ya lango walinijia waongozaji, kama mapapasi wanavyowaendea wageni wetu pale Forodhani. Niliwakatalia kwa upole. Mwenye kiongozi huuliza, "Hiki ni nini?" na hujibiwa. Tena akikosea, kosa huwa nusu yake na nusu ya kiongozi wake. Asiye na kiongozi hana wa kumsitiri. Analazimika kuwatazama wenyeji, aone wanavua wapi viatu, wanapita upande gani, sauti zao zinashuka wakati gani, na swali lake huwa, "Nifanye nini?" Nilijua kwamba kwa kukataa kiongozi nitatoka na elimu pungufu. Sikujua kwamba nitatoka na mtihani.

Ilipotimu saa kumi na mbili na nusu jioni ngoma zilianza, na juu ya ngoma ikalia ala ya kupuliza ambayo masikio yangu ya Kiunguja hayakuweza kuiita ila zumari. Tulipanda ghorofa ya juu tukapanga foleni. Jino lenyewe halionekani. Mlango ukifunguliwa, mtu hupita mbele yake kwa nukta chache, akaliona kasha la dhahabu kwa mbali, akasukumwa na mwendo wa walio nyuma. Takriban wote walivaa nyeupe, na wote wameshika maua. Bibi mmoja mzee aliyekuwa ubavuni mwangu aliitazama mikono yangu mitupu. Bila ya kusema neno alitoa yungiyungi moja katika sahani yake, akanitia kiganjani.

Mimi ni Muislamu. Kuliweka ua lile mezani, mbele ya kile wanachokitukuza, kwangu mimi kungekuwa ni kutamka kwa mkono jambo ambalo moyo haulikiri. Na kulirejesha kungekuwa ni kumwambia mzee yule kwamba karama yake ni najisi.

Lau ningekuwa juu ya mlima wa Sri Pada nisingepata taabu hiyo. Kule kileleni mna alama ya unyayo, ambayo Wabudha husema ni ya Budha, Wahindu husema ni ya Shiva, na katika mapokezi yetu ni ya Nabii Adam. Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331, aliupanda mlima huo mwaka 1344 kwenda kuizuru, naye hakuhitaji ruhusa ya nafsi yake. Lakini Kandy hapakuwa na changu. Nilikuwa mgeni mtupu, na mgeni mtupu ndiye hasa anayepimwa adabu.

Wengine watasema: nia yako inatosha. Haitoshi. Mwaka 2012, katika kisiwa hicho hicho, watalii watatu Wafaransa walipewa kifungo kilichoahirishwa baada ya picha walizozipeleka dukani kusafishwa kuwaonyesha wakijifanya kuibusu sanamu ya Budha. Busu ni alama ya mapenzi, lakini pale lilikuwa mzaha. Mwaka 2014 mwanamke wa Kiingereza alifukuzwa nchini kwa kuwa na chale ya Budha mkononi, ilhali alijieleza kuwa ni mfuasi wa mafunzo hayo. Mwaka 2017 Mahakama Kuu ya Juu ya nchi ilitamka kwamba alidhulumiwa, na ikaamuru alipwe fidia. Sisi tuliozoea kazi ya tafsiri tunaijua hali hii: maana iliyomo kifuani mwa msemaji haijawa kauli mpaka ivae lugha ya anayeambiwa. Na heshima nayo ni kauli.

Basi nilifanya hivi. Mbele yetu palikuwa na mtoto ambaye ua lake lilikwisha kuanguka likakanyagwa. Nililiweka langu katika mikono yake miwili, kisha nikamgeukia bibi, nikaweka kiganja kifuani, nikainamisha kichwa kwake yeye, si kwa kasha. Alinikazia macho kwa muda. Halafu alinishika mkono akanisogeza mbele yake, ili mlango ukifunguliwa nami nipate kuona.

Hapo ndipo niliposadiki kwamba kufumba si kuvunja. Anayefumba huwaachia wenyeji njia yao bila ya kuwakodolea, na jicho lake hubaki zima kwa ajili ya kurudia kwao.

Lakini safari haikuishia hapo, kwani nilirudi nyumbani na kumbukumbu niliyokuwa nimeizika. Miaka mingi nyuma, mzungu mmoja alisimama barazani kwa msikiti wetu wa mtaani wakati wa magharibi. Alikuwa peke yake, kichwa ameinamisha, viatu amevishika mkononi. Hakuvuka kizingiti wala hakupiga picha. Nilimwendea nikamwambia kwa ukali kwamba hapa si pahala pa kutalii. Alivaa viatu akaondoka.

Yule alikuwa amekwisha kufumba jicho lake. Mimi ndiye niliyeshindwa kumsogeza mbele kidogo, akae barazani, asikilize.