Damu ya Siku ya Tatu

Kwa miaka mingi mwanafunzi wa kidato cha kwanza wilayani Karagwe au Kyerwa amekutana na asili ya binadamu kwenye somo la Historia, mada ikifunguliwa na nadharia mbili: uumbaji na mageuko. Anaziandika zote daftarini, anajua ipi ina alama nyingi kwenye mtihani, na Jumapili yuko kanisani Kayanga au Nkwenda akisikiliza Mwanzo sura ya kwanza bila kusumbuka hata kidogo. Shida huanza kijiweni, pale mwenzake anapomuuliza, "Kwa hiyo babu yako wewe ni nyani?" Watu wanacheka, na mjadala umekwisha.

Naona mjadala huo unakwama kwa sababu kila mara hupelekwa kwenye zamani ambayo hakuna aliyeishuhudia, kisha pande zote mbili zinalaumiana kwa kukosa shahidi. Hapa Karagwe na Kyerwa hatuna haja ya kwenda mbali hivyo. Mageuko yanatokea sasa hivi, katika damu ya watu wanaobishana kama yapo.

Sampuli za damu zilizokusanywa mwaka 2021 katika mikoa mbalimbali ya Tanzania zilionyesha kwamba mkoani Kagera karibu vimelea 8 katika kila 100 vya malaria vilikuwa na badiliko dogo kwenye protini iitwayo kelch13, mahali panapohesabiwa kuwa pa 561, na Karagwe ndiyo iliyoongoza. Mwaka uliofuata, utafiti ulioongozwa na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, ulifuatilia wagonjwa wilayani humo waliomeza dawa kwa usimamizi. Walipona, na hilo lisisahaulike: dawa bado inafanya kazi. Lakini siku ya tatu, wakati tone la damu chini ya hadubini lilipaswa kuwa safi, wagonjwa zaidi ya mmoja katika kumi walikuwa bado na vimelea hai. Ng'ambo ya mto Kagera, nchini Rwanda, badiliko hilohilo lilikuwa limeshatangazwa mwaka 2020, na watafiti wakaonyesha kuwa halikuletwa kutoka Asia, ambako nako limewahi kuonekana. Lilizuka lenyewe huku kwetu.

Jinsi linavyozuka si fumbo. Mgonjwa mmoja huweza kubeba mabilioni ya vimelea, na kila kizazi kipya kinaponakiliwa, makosa madogo hutokea. Mengi hayana faida, mengine yanakiua kimelea chenyewe. Likitokea kosa linalokisaidia kuvumilia zile saa chache ambazo artemetha, dawa ya malaria, inazunguka kwenye damu, wenzake wanakufa, chenyewe kinabaki, na mbu wa usiku ule anabeba watoto wake kwenda nyumba ya pili. Hakuna aliyekusudia. Kimelea hakikujifunza kitu.

Na dawa yenyewe imetengenezwa juu ya hoja hiyo. Wazee wa Kaisho na Nyaishozi wanaikumbuka klorokwini, uchungu wake na ule mwasho wa kukesha ukijikuna. Ilishindwa, nchi ikaiacha mwaka 2001. Ikaja SP, nayo ikashindwa, na mwishoni mwa 2006 ikaanza kutumika dawa ya mseto, ALu. Kwa nini mseto? Artemetha inaua haraka na kutoka mwilini haraka. Lumefantrini inabaki siku kadhaa ikimalizia masalia. Kimelea cha kuishinda dawa moja kwa bahati kitapatikana. Cha kuzishinda mbili kwa pamoja ni adimu mno. Hesabu hiyo ni tawi la hoja ambayo Charles Darwin aliichapisha mwaka 1859, na kila anayemeza ALu pale zahanati, awe Mlutheri, Mkatoliki, Mwislamu au Mpentekoste, anaimeza pamoja na maji.

Je, anaiamini? Swali hili linanipendeza kuliko lile la nyani. Mchukue mama wa Kyerwa ambaye hataki hata kusikia jina la Darwin. Homa ya mtoto imeshuka siku ya pili, mtoto anacheza, lakini anampa dozi zote sita, asubuhi na jioni, mpaka karatasi ya vidonge iishe. Kisha mchukue mwalimu wa Biolojia anayejua uteuzi asilia kwa moyo na amewafaulisha wengi. Akipata nafuu anaviweka vidonge vilivyobaki kabatini, vimsaidie homa ijayo. Kama imani huonekana kwenye tendo, basi kati ya hao wawili anayeishi kana kwamba viumbe hubadilika ni mama.

Lakini nisimpe sifa asiyoidai. Dozi ameimaliza kwa sababu muuguzi alimwambia aimalize. Muuguzi kaambiwa na mwongozo wa Wizara, Wizara imeambiwa na watafiti. Katekista naye kaambiwa na padri, padri na Kanisa, Kanisa na mitume. Sisi tusio na maabara tunaipokea sayansi kama tunavyoipokea dini, kwa kumwamini aliyetuambia, na wale wanaojigamba kwamba upande wao ni wa ushahidi mtupu huwa hawajawahi kuona kimelea kwa macho yao. Wala si aibu. Baba yangu ni nani, nalijua hilo kwa neno la mama.

Tofauti ni kule mwisho wa mnyororo. Wa zahanati unaishia kwenye tone la damu la siku ya tatu, ambalo halimjali Waziri wala profesa: lingetoka safi kwa wote, habari ya usugu ingefutwa. Wa katekista unaishia kwa mtu anayestahili kuaminiwa, kama ahadi inavyoishia kwa aliyeitoa. Siudharau huu wa pili. Nasema tu kwamba kila mmoja una kazi yake, na balaa huja pale wa pili unapojifanya wa kwanza.

Mhubiri makini atanijibu: vyovyote kibadilikavyo, kimelea bado ni kimelea, hakijawa mbuzi. Jibu hilo si la kipuuzi. Ila aliyelitoa ameshakubali kwamba makosa ya kunakili hutokea, hurithiwa na huchujwa. Kilichobaki ni yeye kuonyesha ukuta unaoyazuia yasiendelee kulimbikizana kwa miaka milioni. Mpaka sasa ukuta huo haujaonekana. Kilichoonekana ni nyayo za Laetoli, zilizokanyagwa kwenye majivu ya volkano miaka milioni 3.6 iliyopita na viumbe waliotembea wima kabla ya kuwa sisi. Karibu zaidi yuko nzohe, swala wa kwenye mafunjo, ambaye sayansi ya Ulaya ilimjua kupitia Karagwe: kwato zake ni ndefu na zinatanuka, hazizami kwenye tope. Mtoe kwenye kinamasi umweke ardhi ngumu, anatembea kwa shida. Aliyeumbwa mkamilifu, amekamilika kwa kinamasi tu.

Hata hivyo kuna mzigo ambao mageuko hayaubebi. Mwaka 1954 Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alionyesha kwa sampuli za damu alizozikusanya Afrika Mashariki kwamba anayerithi jeni ya selimundu kwa mzazi mmoja hupata kinga dhidi ya malaria kali. Anayeirithi kwa wazazi wote wawili anaugua selimundu yenyewe. Kihesabu jamii inapata faida, ndiyo maana jeni haikutoweka. Sasa nenda ukamweleze hivyo mama aliyekaa wodini na mtoto anayelia mifupa. Umemweleza ukweli mtupu na hujamwambia lolote. Anachouliza yeye ni kama mtoto wake ana thamani ambayo hesabu ya jamii haiwezi kuifuta. Wanyambo, wenyeji wa hapa, walikuwa wakimtaja Ruhanga muumba kabla misheni yoyote haijafika, na nadhani kwa sehemu kubwa walimtaja kwa ajili ya swali kama hilo. Mwenye imani ya uumbaji naye ana lake la kujibu: ni nani basi aliyekitengeneza kimelea kinachojua kujificha ndani ya chembe nyekundu ya damu ya mtoto? Sijasikia mahubiri juu ya hilo, na ningependa kuyasikia.

Kuhusu nyani, nadhani kicheko cha kijiweni kinaficha kidonda. Mwafrika ameitwa nyani na watu waliomaanisha tusi, na wengine wao walilipamba tusi hilo kwa jina la Darwin. Mzee anayesema "mimi sikutokana na nyani" mara nyingi hajibu hoja ya Biolojia, anajibu dharau anayoifahamu. Lakini hapa Karagwe, hadithi ya asili aliyoileta Mzungu kuwapanga watu kwa madaraja ilitoka kwenye Biblia.

Novemba 1861, miaka miwili baada ya kitabu cha Darwin, mpelelezi Mwingereza John Hanning Speke alifika Bweranyange kwa Omukama Rumanyika. Ameandika mwenyewe kwamba mwenyeji wake alimuuliza kama jua la leo ni lilelile la jana au kila siku linakuja jipya. Speke naye akafungua Biblia, akaanza na Adamu, akamweleza Rumanyika kwamba wafugaji wa ukoo wake walitoka Uhabeshi, damu ya Shemu na Hamu iliyochanganyika, watu wa asili nyingine na bora kuliko wakulima waliowatawala. Tayari watawala Wahinda walikuwa na hadithi yao ya asili, ya Ruhinda na Wachwezi, iliyowapa haki ya kutawala. Speke aliwaongezea nyingine na kuichapisha Uingereza mwaka 1863 kana kwamba ni historia. Nyuma yake hakukuwa na kaburi lililofukuliwa wala lugha iliyolinganishwa, hakuna chochote ambacho kingeweza kumkosoa. Lile swali la jua, ambalo wasomaji wake huenda walilichekea, lilikuwa na jibu linaloweza kupimwa.

Hadithi ya Speke ilivuka mto. Nchini Rwanda ilifundishwa shuleni, Wabelgiji wakapima pua na mafuvu kwa lugha ya sayansi, na miaka ya 1930 wakagawa vitambulisho vilivyoandikwa Mhutu au Mtutsi. Novemba 1992, mjini Kabaya, mwanasiasa Léon Mugesera aliuambia mkutano wa hadhara kwamba Watutsi kwao ni Ethiopia na watarudishwa huko kwa njia ya mkato, kupitia mto Nyabarongo. Mahakama ya Rwanda ilimhukumu kifungo cha maisha mwaka 2016. Nyabarongo huingia Kagera, na Kagera hupita Karagwe, huzunguka Kyerwa hadi Murongo, kisha huelekea Ziwa Victoria. Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari, maiti zilipita njia hiyo kwa wiki kadhaa, huku waliookoka na waliokimbia wakijaza kambi za wakimbizi upande huu wa mto.