Miche Saba ya Masalio

Palikuwa na akina mama saba kutoka Bunia, waliochanga fedha zao wakaja kununua bidhaa Kikuubo, ule uchochoro wa maduka ya jumla jijini Kampala ambako mchukuzi mwenye gunia mgongoni hasimami kwa ajili ya mtu. Walinunua miche 1,000 ya sabuni, na mwenye duka akawaongezea mmoja wa bure.

Wakati wa kugawana, dalali aliyewapeleka dukani akatikisa kichwa. "Mama zangu, 1,001 haigawanyiki. Kwa mbili haiendi, kwa tatu haiendi, kwa tano haiendi. Hiyo ni namba tasa. Kila mmoja achukue 142, masalio niachieni mimi kwa jasho langu." Wakamwona msomi, wakakubali. Akaitia miche iliyobaki mfukoni kabla haijahesabiwa. Ikawa hivyo safari nne.

Safari ya tano, mdogo wao akamshika mkono. "Kaka, iweke chini kwanza." Ikapangwa juu ya gunia: mmoja, miwili, mitatu, hadi saba. Na wao walikuwa saba! Kila mmoja alistahili 143, wala pasingebaki hata kipande. Dalali akatokomea katikati ya wachukuzi. Miche 28 ya safari zilizopita haikurudi.

Majaribio matatu aliyoyataja dalali yalikuwa sahihi. Hila yake ilikuwa kuishia hapo. Namba tasa ni ile iliyo zaidi ya 1, isiyogawanyika ila kwa 1 na kwa yenyewe, na utasa wake haujulikani kwa kuitazama. Ukitaka kuhakikisha kwamba 997 ni tasa, ijaribu kwa namba tasa zote kuanzia 2 hadi 31, ambazo ni 11 tu. Zaidi ya hapo huna haja, maana inayofuata ni 37, na 37 mara 37 imeshapita 997. Kwa 1,001 ilibaki hatua moja tu baada ya tano, nayo ni saba.

Hata wasomi wakubwa wameteleza hapo. Mwaka 1644 mtawa Mfaransa Marin Mersenne aliandika kwamba ukizidisha 2 sitini na saba pamoja, kisha ukatoa 1, unapata namba tasa. Ni namba ya tarakimu 21. Mwaka 1876, baada ya miaka 232, Édouard Lucas alithibitisha kwamba si tasa, na mwaka 1903 Mmarekani Frank Nelson Cole akazitaja namba mbili zinazoizaa: 193,707,721 na 761,838,257,287. Heshima ya Mersenne haikuweza kuifanya namba iwe isivyo.

Basi ndugu msomaji, ukiambiwa hesabu haigawanyiki, chukua kalamu uigawanye mwenyewe mbele ya aliyesema, na masalio yahesabiwe yakiwa chini, machoni pa wote. Mali bila daftari hupotea bila habari.