Thamani ya Nafsi Kwenye Mto Ohio

Je, sheria ya wanadamu yaweza kuigeuza nafsi aliyoiumba Mwenyezi Mungu kuwa mali? Swali hili liliulizwa Januari 1856, pale Margaret Garner, mtumwa wa Kentucky aliye mjamzito, alipouvuka kwa miguu mto Ohio ulioganda barafu, pamoja na mumewe na watoto wao wanne, na walipozingirwa huko Cincinnati akamwua kwa kisu bintiye mdogo badala ya kumwacha arudishwe utumwani.

Salmon Chase, gavana wa Ohio aliyekaa Columbus, alitaka mama huyu ashitakiwe kwa mauaji. Nami naona humo hekima chungu, kwani mshitakiwa ni mtu, ilhali bidhaa haishitakiwi. Lakini sheria ya 1850 ya kuwarejesha watumwa watoro ilimrudisha kwa bwana wake, akapitishwa Louisville na kupakiwa merikebuni kwenda kusini, na kitoto chake kingine kichanga kikafa maji safarini. Watoro wengine waliojaaliwa kufika Buffalo walivuka mto Niagara, wakawa huru Kanada.

Leo, katika miji ya Columbus, Louisville na Buffalo wanaishi Wakongo wasemao Kiswahili chetu, waliovuka mipaka wakikimbia vita. Lakini utumwa haujaisha. Ewe msomaji, ukimwona miongoni mwao binti aliyeahidiwa kazi kisha akanyang'anywa pasi yake na kufungiwa ndani, usiseme hayo ni mambo ya nyumba ya watu: sheria ya Marekani ya mwaka 2000 imeyaharamisha. Mwulize hali yake, kwa lugha yake.