Teke la Kuku na Msiba wa Mwanawe

Teke la kuku halimwumizi mwanawe, walisema wahenga, na wengi huichukua methali hii kuwa amri ya kunyamaza. Huitoa matangani, hasa mfiwa anapokaa macho makavu, au anapolia kilio ambacho majirani wanajua kimebeba mengi: mzazi ni mzazi, yamekwisha. Naona matumizi hayo yanaidhulumu methali, na yanamdhulumu zaidi aliyefiwa. Tumtazame kuku mwenyewe. Akiwa na vifaranga hupekua jaani kwa nguvu, mguu huu kisha ule, akirusha taka nyuma yake. Kifaranga aliyesimama nyuma hupigwa, akabingirika, akainuka na kurudi mbio, kwa kuwa palepale alipopigwa ndipo mchwa na punje vinapofukuliwa. Hilo ndilo teke la methali, la mguu unaotafuta chakula. Wahenga hawakuhalalisha kila teke. Walilieleza la mlezi aliye kazini.

Kwa kipimo hicho, baba aliyefoka na kuchapa huku akihangaikia karo yumo ndani ya methali, hata kama alipitiliza. Aliyempiga mwanawe kwa sababu ya ulevi, au mama aliyemkana binti yake miaka nenda miaka rudi, yuko nje. Taabu ni kwamba wazazi wengi wako kotekote: mkono uliolisha ndio huohuo uliojeruhi. Ndiyo maana swali la wasengenyaji, “hawakuwa wakielewana, sasa analia nini?”, halina uzito. Mzazi akiwa hai, hata mtu mwenye wajukuu huweka tumaini moyoni kwamba iko siku ataitwa aambiwe, mwanangu, nilikukosea. Kaburi likifukiwa, tumaini hilo nalo limefukiwa, na hakuna anayekuja kumpa pole kwa ajili yake. Huenda pia mfiwa akahisi nafuu, kisha akaionea aibu nafuu hiyo. Yote hayo ni msiba.

Lakini marehemu hasemwi vibaya, watanijibu. Ni adabu njema, ila desturi zetu wenyewe hazikuifanya kuwa pazia la kufichia ukweli. Kwa Waislamu, kabla ya maiti kuswaliwa hutangazwa kwamba anayemdai marehemu awaone warithi, au amsamehe. Deni hutajwa kwanza, ndipo hulipwa au kusamehewa, na mwenye duka anayedai bei ya gunia la mchele haambiwi amemvunjia maiti heshima. Kwa nini basi aambiwe hivyo mwana anayedai utoto wake? Atasamehe vipi deni ambalo kila mtu anamwambia halikuwapo? Na katika makabila mengi ya Tanzania watani huja msibani wakamwiga marehemu mbele ya jamaa zake, mwendo wake, ubahili wake, ukali wake, na wafiwa wakacheka huku wanalia. Hakuna anayewafukuza. Waliotuachia utani walijua kwamba maiti anayesifiwa tu si yule waliyeishi naye.

Pingamizi zito zaidi ni la dini, nami silichukulii kwa wepesi. Qurani, katika Surat al-Israa, inamkataza mtoto hata kuguna mbele ya wazazi wake. Hata hivyo Surat Luqman, aya ya 15, inamwambia yule anayeshinikizwa na wazazi wake amshirikishe Mungu kwamba asiwatii katika hilo, lakini akae nao kwa wema duniani. Hakutakiwa kuliona kosa lao kuwa si kosa. Alitakiwa kutenda wema akiwa anajua. Kwa hiyo mwana anaweza kumwosha baba yake, akashuka mwanandani kumpokea, akalipa madeni yake na kumwombea dua, na bado akakataa kuambiwa kwamba hakuumia. Anayekwenda kumhani mtu wa namna hiyo aseme pole, akae naye jamvini, na akimsikia akisema “alinitesa” kisha hapohapo “nimemkumbuka”, asimsahihishe.