Tafauti Ndogo Katika Njia za Sayari

 

Enyi ndugu zangu, wako watu katika baraza zetu wasemao kwamba ilimu ya falaki haina kazi kwa Muislamu ila kujua kibla, nyakati za sala na mwandamo wa mwezi. Hayo ni maneno ya mtu aliyewasahau wazee wake. Al-Zarqali wa Toledo, katika karne ya 11, alilitazama jua miaka mingi, akatambua kwamba pale jua linapokuwa mbali mno na ardhi si mahali pamoja daima. Hapo nako husogea polepole mbele ya nyota. Wala hakuwa na darubini.

Kusogea huku ndiko kulikowatatiza Wazungu katika sayari ya Utaridi. Njia ya sayari si duara kamili, bali ni ndefu kidogo mfano wa yai, na yai hilo nalo lageuka. Mwaka 1859 Le Verrier wa Ufaransa alihisabu mvuto wa sayari nyingine zote, ikasalia tafauti asiyojua itokako. Akadhani iko sayari iliyofichika karibu na jua. Watu wakaitafuta miaka mingi wasiione, kwani haikuwako! Tafauti yenyewe ni sekunde 43 katika miaka 100, na daraja moja ina sekunde 3,600. Karani wa duka angaliifuta kwa kidole. Mwezi wa Novemba 1915 Einstein akaonyesha kwamba kasoro ilikuwa katika kanuni ya Newton: uzito wa jua hupinda mahali na wakati kando yake, na sayari ipitayo katika mpindo huo, ikirudi, haifiki pale pale ilipoanzia.

Sasa tazameni mbali zaidi. Tangu mwaka 1995 zimejulikana sayari maelfu zizungukazo nyota mfano wa jua letu. Moja, iitwayo HD 80606 b, iliyojulikana mwaka 2001, iko upande wa Dubu Mkubwa. Mwaka wake ni siku 111, na njia yake imevutika mno: ikiwa mbali, umbali wake ni zaidi ya mara 28 ya ule wa karibu. Kwa hisabu ya Einstein njia hiyo hugeuka sekunde kiasi cha 215 katika miaka 100, mara tano ya Utaridi.

Hujulikanaje? Sayari hii hupita nyuma ya nyota yake, na baada ya siku kama sita hupita mbele, ikaipunguza nuru. Njia ikigeuka, muda huo hubadilika. Mwaka 2019 wanavyuoni wa Paris walihisabu kuwa kwa miaka 10 huzidi dakika kiasi cha 3. Dakika tatu, nasi twagombana msikitini kwa saa za ukutani zisizopatana!

Walakini asifanye haraka mwenye kupima. Nyota si tufe kamili, na mvuto wake huivuta sayari kama mwezi uvutavyo maji ya bahari. Mambo hayo pia hugeuza njia. Lazima ayatoe kwanza, ndipo aangalie kilichosalia.