Dhamana ya Tabibu



Wazee wengi wa pwani hujinyima ili watoto wao wakasomee udaktari Nairobi, na hilo ni jambo la kheri. Imam Ghazali katika Ihyaa Ulumid-Din aliuhesabu utabibu kuwa ni fardhi ya kifaya: mji ukikosa tabibu, wakaazi wake wote wamo katika dhambi. Lakini liko suala ambalo yatupasa kuliuliza: je, daktari akishaujua ugonjwa na kuandika dawa yake sawasawa, amekwisha kuitekeleza amana?

Natulitazame suala hili Kibera na Kawangware. Kibera asili yake ni makao ya askari wa Kinubi, Waislamu wenzetu, na leo imesongamana watu wa kila kabila. Wala haiko mbali na Hospitali ya Kenyatta, wanakofundishwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Kawangware nayo imepakana na majumba ya Lavington. Tuchukue mfano wa mgonjwa wa kisukari katika mitaa hiyo, akaaye chumba kimoja cha mabati na kuishi kwa kibarua. Ameandikiwa insulini, akaambiwa aiweke katika friji na ajidunge kabla ya kula. Friji hana, na siku asiyopata kibarua hali. Akijidunga kisha akakosa chakula, sukari ya damu hushuka hata akazimia, na huenda akafa. Asipojidunga, maradhi humwangamiza. Karatasi ya daktari haina kosa, na mgonjwa ameangamia.

Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba ajitiaye utabibu bila ya kuujua, dhamana ya madhara ni juu yake. Ama tabibu mjuzi asiyepita mpaka, wanavyuoni wamemwondolea dhamana. Basi huyu wetu kadhi hatamtoza kitu. Lakini mbele ya Mwenyezi Mungu hesabu haiishi hapo. Aliijua dawa, hakumjua aliyempa. Na kumjua kulihitaji maswali mawili tu: wapata chakula kila siku, na dawa utaiweka wapi?

Patakuwa na wa kusema: wagonjwa ni wengi, daktari hana nafasi. Ni kweli, na ndiyo sababu hapana budi afundishwe maswali hayo angali mwanafunzi, mpaka yawe mazoea yake kama kushika mshipa. Tena maswali hayo huzaa ilimu. Katika kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, huku huku Kenya, Madaktari Wasio na Mipaka walijiuliza asiye na friji afanyeje. Wao na Chuo Kikuu cha Geneva wakachunguza, na mwaka 2021 wakatangaza kwamba insulini huhifadhi nguvu zake kwa wiki nne katika joto la baina ya digrii 25 na 37. Faida hiyo ilipatikana kwa kuitazama nyumba ya mgonjwa.

Nasi tulio nje ya hospitali tusijidhani tumesalimika. Mzazi amhimizaye mwanawe asome kwa ajili ya mshahara na gari, asimfunze kumsikiliza maskini, ana sehemu yake katika kosa. Na mafakiri ndio wa kwanza kutajwa katika wenye haki ya zaka. Mgonjwa aliyepata dawa akakosa chakula ni mmoja wao. Haki yake imo mikononi mwetu, si mwa daktari peke yake.

Mwenyezi Mungu awape vijana wetu ilimu yenye manufaa na nyoyo zenye huruma. Amin.